Visiki Saba vya Dobi

Dobi wa mtaa ule alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, ila kilikuwa kikubwa cha kuwatosha watu watatu: hakuwahi kutia alama kwenye nguo ya mtu. Madobi wengine hushona uzi mwekundu kwenye pindo, wengine huandika namba kwa wino nyuma ya kola, na wengine, Mungu awasamehe, hubana kikaratasi kwa pini, na pini ikitoka inaacha tundu. Yeye hata kidogo. "Nguo ya mtu si ng'ombe," alikuwa akisema, "mpaka niipige chapa." Na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kupeleka hata soksi moja kwenye nyumba isiyo yake.

Siri yake haikuwa siri, maana ilisimama barabarani watu wote wakiiona. Mbele ya chumba chake cha kazi palikuwa na miarobaini saba iliyopandwa kwa mstari na mtu ambaye hakuna aliyemjua. Kutoka kila mti hadi kwenye ndoana ukutani alikuwa amevuta kamba, na kila kamba ilikuwa na nyumba yake. Mti wa kwanza, uliopinda kiuno, ulikuwa wa Nesi. Wa pili, wenye panda, ulikuwa wa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, mama mmoja aliyeweza kunyamazisha watoto mia sita kwa kuvua miwani tu. Wa tatu ulikuwa wa Mpishi wa hoteli. Wa nne ulikuwa wa karani wa benki, mrefu kupindukia, ambaye mtaani walimwita Mlingoti. Na wa tano, sijui ni bahati gani hiyo, ukaangukia kwa dereva wa lori, mfupi, mnene, aliyeitwa Kidonge. Wa sita ulikuwa wa Maharusi, mtu na mkewe waliooana miaka minne iliyopita na mtaa ukakataa kuwapa jina jingine. Wa saba, wenye kivuli kikubwa kuliko yote, ulikuwa wa nyumbani kwa Dobi mwenyewe.

Mtu akija kuchukua nguo zake hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja chini ya mti wake, akaegemea, akasubiri. Dobi, aliyekuwa ndani na pasi ya mkaa mkononi, alichungulia dirishani, akaona ni mti gani una mtu, akajua ni furushi lipi la kuchukua. Hata sura alikuwa haangalii. Aliyekuja kwa dakika tano alimaliza nusu saa pale kivulini, akisengenya kidogo, akicheka kidogo, na Mwalimu Mkuu peke yake ndiye aliyejifanya anaangalia saa.

Halafu Dobi alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa akiapa kwamba ndege wa kwenye miti ile wanajua mipaka yao, kwamba tangu aanze kazi hakuna hata mmoja aliyethubutu kuchafua shuka lake. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi magauni, na ambaye mdomo wake ulikuwa na moto kuliko hiyo pasi, alimsikia akipiga chuku hivyo, akaguna. Yeye ndiye aliyekuwa akiyafua upya mashuka hayo.

Basi ikaja siku ya tangazo. Bomba la majitaka la mtaa lilikuwa limepasuka, huu ukiwa mwezi wa tatu linavuja, na manispaa ikagundua kwamba mizizi ya miarobaini ndiyo iliyolipasua. Tangazo lenyewe lilipigiliwa kwenye miti hiyohiyo, misumari minne kwa kila mti: itakatwa Jumanne. Watu walisoma, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Dobi alisoma la mti wa kwanza, akaenda la pili, akaendelea hivyo hivyo mpaka la saba, labda akidhani mojawapo litakuwa na huruma kuliko mengine.

"Yanasema kitu kimoja yote," mkewe alimwambia.

"Nimeona," akasema Dobi. "Miti ni miti, mama watoto. Tutapanda mingine. Na harufu ya hilo bomba nayo imezidi."

Alisema vivyo hivyo kwa kila aliyemuuliza, tena kwa kicheko, mpaka watu wakaamini kwamba hana neno.

Jumanne wakaja wafanyakazi sita wa manispaa na lori na misumeno ya injini, lakini bila kamba. Hilo ndilo jambo lililomuuma Dobi baadaye kuliko yote. Hebu fikiria, watu wazima wanakuja kukata miti mikubwa saba katikati ya nyumba za watu, hawana hata kamba ya kuivutia isije ikaangukia mapaa. Msimamizi wao alizungukazunguka, akaona kamba saba zimekazwa pale, ngumu, nzuri, akasema, "Mzee, tuazime." Na Dobi, ambaye neno hapana halijui, akazifungua kwa mikono yake mwenyewe, akawapa. Akawaonyesha na fundo la kufunga ili zisiteleze. Akawachotea maji ya kunywa. Akawatania kwamba wautazame vizuri ule mti wa Kidonge unapoanguka, maana Kidonge mwenyewe akianguka mtu hajui kama ameanguka au amesimama. Walicheka sana. Miti ikashuka mmoja baada ya mwingine ikivutwa na kamba za nguo, na ilipofika saa kumi jioni mtaa ulikuwa mweupe, mbingu imekuwa kubwa ghafla, na nyumba ya Maharusi, ambayo miaka yote watu walidhani ni ya kijivu, ikaonekana kumbe ni ya bluu.

Kuhusu visiki, walisema watarudi kuving'oa wiki ijayo. Mpaka leo hawajarudi, na sidhani kama wanaikumbuka njia.

Dobi alirudishiwa kamba zake zikiwa zimejaa utomvu. Akaziloweka, akazisugua kwa sabuni, akazisuuza, akatoka nazo mbele kwenda kuzianika. Akasimama nazo pale, zinamchuruzikia miguuni, hana pa kuzitundika. Alijikaza kisabuni, na sabuni alikuwa nayo ya kutosha, lakini moyoni alikuwa na huzuni ya mtu aliyefiwa na hakuna anayempa pole. Nani ampe mtu pole kwa ajili ya miti? Tena mtu mwenyewe aliyetoa kamba. Chini ya ule wa saba ndiko zilikokaukia nepi za binti zake wawili, kisha sare zao za shule, kisha, juzijuzi tu, gauni la harusi la yule mkubwa. Hayo yote hakumwambia mtu.

Na kwa kuwa hakutaka kuviona visiki, akahamishia kazi uani. Alichimbia nguzo nne za chuma, akavuta waya kutoka hii hadi ile na kurudi. Nguzo hizo zilikuwa ndefu sawa, nene sawa, zimepakwa rangi moja. Wateja nao, kwa vile mbele hapakuwa tena na kivuli, wakaacha kusubiri. Walipita haraka haraka jua likiwachoma utosini, wakamwambia mkewe, "Shemeji, mwambie atuletee nyumbani," hao, wameshapita.

Wiki ya kwanza shati la Mlingoti likaenda kwa Kidonge. Kidonge alilivaa asubuhi akiwa bado na usingizi, akatazama mikono, akamwita mkewe kwa sauti ya kutetemeka, akamwambia ameamka hana viganja. Mlingoti naye alikwenda benki na suruali iliyoishia chini kidogo ya magoti, akakaa nyuma ya kaunta tangu asubuhi mpaka saa ya kufunga bila kuinuka hata kwenda msalani. Mtaa ulivunjika mbavu, na Dobi akacheka pamoja nao, akasema imetokea tu. Wiki ya pili Mpishi akavaa koti jeupe la Nesi, lenye kipimajoto mfukoni, na wahudumu wa hoteli wakampangia foleni ya kupimwa presha. Hapo Dobi alicheka peke yake kidogo, kisha akarudi uani.

Mwalimu Mkuu yeye hakuleta nguo kabisa tangu siku ile ya Jumanne. Hata blauzi zake zilizokuwa zimebaki kwa Dobi hakuja kuzidai. Akimwona Dobi kwa mbali alikuwa anavuka barabara. Dobi akajiambia, basi, mama wa watu hana imani nami tena, na ana haki.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika moja kwa moja. Nguo za rangi alizitambua kwa shida, lakini nyeupe zilimshinda. Katikati ya chumba likabaki lundo la mashati, mashuka, makoti, blauzi na foronya, vyote vyeupe pe, vyote visafi, na hakuna hata kimoja alichoweza kukitajia mwenyewe wake. Alishika shati, akaligeuza, akafumba macho, akajaribu kuukumbuka mti wake. Akaona nguzo.

"Imeondoka," akamwambia mkewe.

"Nini imeondoka?"

"Akili. Kumbe ilikuwa kule kwenye miti. Wameikata nayo."

Mkewe aliiweka pasi chini gauni likiwa nusu, jambo ambalo halikuwa limetokea katika ndoa ile kwa muda mrefu.

"Jumapili nitawaita wote waje, kila mtu achague chake," akaendelea Dobi. "Kisha nitawaaga, nitafunga. Nguo ya mtu si ya kuchezea."

"Umesusa?"

"Sijasusa, mke wangu. Nimeshindwa."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha mkewe. Kama angefoka, angejua namna ya kumtuliza. Mwanamume wa miaka hamsini na minane ambaye kazi pekee anayoijua ni kufua, akiacha kufua atavuta kiti akae mlangoni, na mama yule alikuwa amewaona waume wa wenzake waliovuta kiti. Hawakuinuka. Akaingia jikoni, akageuzageuza sufuria isiyo na kitu.

Jumapili saa tatu asubuhi watu wakafika. Dobi alitoa meza mbele, akamwaga juu yake nguo zote zilizopotea njia, naye akasimama nyuma ya meza na shati lake la kutokea, hotuba ya kuaga ameishika kichwani, yenye vichekesho vitatu vilivyopangwa vizuri. Kwanza zikatoka zile rahisi. Kidonge akamkabidhi Mlingoti suruali, Mlingoti akamkabidhi Kidonge suruali, wakapeana mikono kama marais. Bibi harusi akaokota gauni lake la maua huku akimuuliza Mpishi alikuwa na mpango gani nalo. Lakini walipofika kwenye lundo jeupe, kicheko kikapungua. Waligeuza, wakapima kwa mabega, wakarudisha. Nesi alishika mashati matatu akasema yote yangeweza kuwa yake, na yote yangeweza yasiwe.

Jua lilikuwa limeshaanza kuwa kali. Watu walichoka kubanana mezani, wakaanza kusogea pembeni mmoja mmoja kutafuta pa kupumzika. Nesi akaenda kukaa kwenye kisiki cha kwanza. Mpishi akaweka mguu kwenye cha tatu. Mlingoti akasimama kando ya cha nne, akanyoosha mkono kuegemea, mkono ukapita hewani, akayumba. Kidonge akamcheka, naye akiwa ameshakaa kwenye cha tano. Maharusi wakabanana kwenye cha sita. Mwisho kabisa, akiwa na mwavuli mweusi, Mwalimu Mkuu akatokea kwenye kona, akasimama kwenye cha pili, hakumsalimu mtu. Hakuna aliyewaambia wakae wapi. Miguu yao iliwapeleka.

Dobi akainua kichwa aanze hotuba yake. Akawaona. Akamtazama wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita.

"Msiondoke hapo," akasema. "Nawaombeni. Kila mtu abaki palepale alipo."

Akachukua shati la juu, hakulitazama hata mara mbili. "Mlingoti. Kola imechakaa upande wa kushoto, unabana simu kwa bega." Akampelekea. Akarudi, akachukua foronya. "Hii ina wanja uliokataa kutoka. Bibi harusi, usilie usiku, mwambie bwana arudi mapema." Akachukua koti. "Mpishi, kwapa hili limewahi kuungua, ulilikaushia kwenye jiko ukadhani sitajua." Shati jingine. "Kidonge, kifungo cha tatu hiki nilikishona mimi, tumbo lako lilikuwa limekirusha." Sasa alikuwa anakwenda mbio, meza mpaka kisiki, kisiki mpaka meza, jasho linamtiririka, watu wamerudi kucheka, na kila alichokitoa, mwenyewe wake alikipokea akakiangalia na kusema, ni kweli, ni chetu. Blauzi nne za Mwalimu Mkuu alizibeba kwa mikono miwili, akamwekea mkononi taratibu. Mama yule aliinamisha kichwa tu.

Mezani likabaki shati moja. Dobi akalishika, akatazama mstari wa watu, akafika mwisho, kwenye kisiki cha saba ambacho hakikuwa na mtu. Mkewe akatoka mlangoni akijifuta mikono, akaenda, akasimama hapo.

"Lete hilo," akasema. "Mume wangu ana mashati mawili ya maana, na moja amelivaa."

Watu waliangua kicheko, lakini Dobi hakuondoka mezani. Alisimama na lile shati, mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikafa hapo hapo.

"Naiona miti," akasema. "Nikiwatazama nyinyi naiona. Niliipenda ile miti, jamani. Kila mtu nilimwambia miti ni miti, nikawachekesha na wale waliokuja kuikata, na kamba waliyoivutia ni yangu. Niliwapa mimi. Fundo nikawaonyesha mimi." Akajifuta uso kwa lile shati safi. "Na sikumwambia mtu kwamba inaniuma."

Kidonge alikohoa, akasema kwamba yeye siku hizi analaza lori mtaa wa pili, na mkewe akimuuliza kwa nini humsingizia nafasi ya kuegesha. Nesi akasema ameanza kupita njia ya sokoni, ndefu, ya vumbi, ili asipite hapa. Ndipo Mwalimu Mkuu akafunga mwavuli wake, akasimama juani.

"Barua niliandika mimi," akasema.

"Barua gani, Mwalimu?"

"Ya kwenda manispaa, kuhusu bomba. Niliomba walitengeneze. Neno mti sikuliandika, nakuapia, lakini barua ilikuwa yangu, na sahihi yangu." Sauti yake, iliyozoea uwanja mzima wa watoto, ilikuwa ndogo. "Sikuwa na uso wa kukuletea nguo. Nimefua mwenyewe wiki tatu." Akanyoosha mikono, na kweli ilikuwa imebabuka mpaka vifundoni.

Dobi aliitazama ile mikono kwa jicho la fundi.

"Mwalimu," akasema, "lile bomba lilikuwa linanuka au halinuki?"

"Lilikuwa linanuka."

"Basi uliandika vizuri. Ila sabuni unayotumia si ya nguo, ni ya sakafu."

Mwalimu Mkuu alicheka huku machozi yanamtoka, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akifanya hata moja kati ya hayo mawili, mtaa mzima ukapata ruhusa. Wakacheka, wakalia, wakapeana pole kwa mikono miwili, pole ya miti, kama watu waliotoka kuzika. Ndiyo, pole ya miti. Na mimi nasema walichelewa wiki tatu.

Mlingoti ndiye aliyekumbuka. "Lakini si ulituita kuna jambo unataka kutuambia?"

Dobi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama pembeni, mikono ameifumbata.

"Lilikuwepo," Dobi akasema. "Limenitoka."

Kabla ya saa sita Mlingoti na Kidonge walikuwa wameshazing'oa nguzo nne za uani, wakazileta mbele. Mpishi akapata tatu nyingine, sikuuliza wapi. Wakachimbia moja kando ya kila kisiki, ingawa ya Kidonge ilipinda na akakataa katakata kuirudia. Waya ukatupwa, kamba zikarudi ukutani.

Hata hivyo Jumatatu asubuhi Dobi aliamka na wasiwasi. Jumapili watu huwa na moyo mwepesi, na Jumatatu kila mtu ana haraka yake na jua ni lilelile. Akawasha mkaa wa pasi, akafungua mlango akitarajia kumkuta mmoja, wakizidi sana wawili.

Walikuwepo wote, nyumba zote sita. Kila mmoja alikuwa kwenye kisiki chake na furushi la nguo chafu miguuni, na kila mmoja juu yake ana mwavuli, mweusi, wa maua, wa mistari, na ule wa Maharusi uliovunjika mbavu mbili. Wamekaa chini yake hawana haraka yoyote, wanasengenya. Dobi akashika kizingiti cha mlango. Machozi yakamjia tena, mengi kuliko ya jana, na safari hii hakujaribu hata kuyaficha.

"Punguza, baba watoto," mkewe akamwambia kutoka ndani. "Usiziloweke nguo za watu kabla sijatia sabuni."

Akatoka, akapokea furushi la Nesi, akaingia nalo ndani, akarudi kuchukua la pili.